Kabla ya Turbo: Historia ya Kuliandaa Gari la Michezo

Turbo ni chombo kidogo chenye magurudumu mawili ya mapanga yaliyoshikwa na mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza, turbini, limekaa kwenye njia ya moshi unaotoka katika injini. La pili, kompresa, limekaa kwenye njia ya hewa inayoingia. Moshi ukitoka kwa kasi huizungusha turbini, turbini huizungusha kompresa, na kompresa huisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo pistoni zingeivuta zenyewe. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa ndani ya silinda zilezile, na nguvu hupanda bila injini kuongezwa ukubwa. Wazo ni jepesi, na hataza yake iliandikishwa mwaka 1905. Hata hivyo ilipita miaka ipatayo 70 kabla ya dereva wa kawaida kununua gari la michezo lenye turbo na kulitumia kila siku. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilitumika kujifunza jambo moja: namna ya kuiandaa injini, na baadaye gari zima, iweze kuubeba mzigo wa hewa ya ziada. Kila hatua ambayo fundi wa leo anaipitia kabla ya kufunga turbo ina mwaka wake na mahali pake, na nyingi zilipatikana baada ya injini kuungua.

Moshi uliokuwa ukipotea bure

Mwenye wazo alikuwa Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi aliyezaliwa Winterthur mwaka 1879. Alichokiona ni hasara. Katika joto lote linalotolewa na mafuta yanayowaka ndani ya injini, karibu theluthi moja hutoka na moshi na kupotea hewani. Büchi alitaka joto hilo lifanye kazi kabla ya kutoka, na mwezi Novemba 1905 aliandikisha hataza yake nchini Ujerumani.

Faida ya kibiashara ilianza kuonekana kwenye injini za dizeli. Katikati ya miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za dizeli zenye turbo, na nguvu ya kila injini ikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500. Dizeli ilitangulia kwa sababu maalumu. Injini ya dizeli huvuta hewa tupu, na mafuta hupuliziwa ndani wakati wa kuwaka umeshafika; kwa hiyo hewa inayoingia ikiwa na presha kubwa na joto haileti hatari ya kuwaka mapema. Moshi wake nao una joto la chini kuliko wa petroli, na mapanga ya turbini hudumu. Injini ya petroli ya kawaida huingiza hewa na petroli vikiwa vimekwisha kuchanganyika. Mchanganyiko huo ukigandamizwa sana, hulipuka wenyewe kwa wakati usio wake. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa takribani kazi yote ya maandalizi inayosimuliwa hapa.

Hata kabla ya meli hizo, ndege zilikuwa zimeanza kuonyesha kwamba injini ya petroli nayo inaweza kubeba turbo, mradi iandaliwe. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, karibu mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 pwani ilibaki na 230 katika hewa nyepesi ya kileleni. Ilipofungwa turbo ilifikia 356. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Marekani kama B-17 na P-47 zilipaa juu sana kwa msaada wa turbo, na nyuma ya mafanikio hayo kulikuwa na maandalizi matatu: madini mapya ya kutengenezea mapanga yasiyolegea kwa joto, vipoza hewa kati ya kompresa na injini, na petroli yenye okteni 100, yaani isiyolipuka yenyewe upesi inapogandamizwa. Watengenezaji wa magari waliyarithi yote matatu, ila waliyachukua moja baada ya jingine, kwa miaka mingi, na kila walipoliacha moja injini ziliwalipisha.

Mdomo wa kuvutia hewa

Somo la kwanza kwa magari ya mbio lilitolewa Indianapolis mwaka 1952. Dereva Fred Agabashian alileta gari la kampuni ya Cummins lenye injini ya dizeli ya lita 6.6 iliyofungwa turbo, akapata nafasi ya kwanza katika mbio za kupanga nafasi na kuanza mbele ya wote. Gari lilikuwa na nguvu za kutosha, lakini mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa umewekwa chini, mbele ya gari, mahali ambapo vipande vya mpira na uchafu wa barabara vilirushwa na matairi ya wengine. Kompresa ilivivuta. Kwenye mzunguko wa 71 njia ya hewa ilikuwa imeziba, moshi ulikuwa mweusi, na gari lilitolewa mashindanoni.

Mapanga ya kompresa huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na katika turbo ndogo za leo hupita mara 150,000. Kwa kasi hiyo punje ya mchanga hugonga kama risasi. Tangu wakati huo, swali la mahali pa kuvutia hewa na aina ya chujio limekuwa la kwanza katika kazi ya kuliandaa gari, na miaka 30 baadaye lilirudi kwa nguvu katika vumbi la Kenya.

Chupa ya Oldsmobile

Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ilitoa magari mawili ya abiria yenye turbo, na hayo ndiyo yaliyoifungulia turbo mlango wa barabara za kawaida. Kila moja liliandaliwa kwa njia yake, kwa hiyo yakilinganishwa yanafundisha mengi.

La kwanza lilikuwa Chevrolet Corvair Monza Spyder. Wahandisi wake walipunguza uwiano wa mgandamizo, yaani kipimo cha jinsi pistoni inavyoubana mchanganyiko kabla haujawashwa, kutoka 9 kwa 1 hadi 8 kwa 1. Kwa kuwa turbo ingeleta hewa iliyokwisha kubanwa, waliipunguzia pistoni sehemu yake ya kazi. Waliimarisha pia vyuma vya ndani, na injini ya lita 2.4 ikatoa nguvu za farasi 150.

La pili lilikuwa Oldsmobile Jetfire, lenye injini ya lita 3.5 na nguvu za farasi 215. Hapa mgandamizo uliachwa juu, 10.25 kwa 1, ili gari lisiwe zito linapokwenda polepole. Kuizuia injini isigonge, Oldsmobile iliweka tangi dogo la kimiminika cha maji yaliyokenekwa na methanoli, kikachanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Turbo ilipokuwa ikisukuma, kimiminika kilipuliziwa kwenye njia ya hewa, kikageuka mvuke na kuupoza mchanganyiko. Kitaalamu njia hiyo ilifanya kazi. Ilishindwa kwa sababu ilimtegemea mwenye gari akumbuke kujaza tangi. Wengi hawakukumbuka. Kifaa cha usalama kilikata nguvu tangi lilipokauka, wateja walilalamika kwamba gari limelegea, na mwaka 1965 kampuni ilikubali kuziondoa turbo hizo na kufunga kabureta ya kawaida kwa waliotaka.

Kugonga kwa injini, ambako kimiminika hicho kilikusudiwa kukuzuia, kunahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiko adui mkuu wa kazi yote hii. Katika injini nzima, plagi hutoa cheche na moto husambaa kwa mpangilio kutoka katikati hadi kwenye kuta za silinda. Ikiwa joto na presha vimezidi, mchanganyiko ulio pembeni haungoji moto uufikie. Hulipuka wote kwa pamoja. Dereva husikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Wimbi la mlipuko hupiga uso wa pistoni na kuufuta utando wa gesi tulivu unaoikinga alumini dhidi ya moto. Fundi akiifungua injini iliyogonga kwa muda, huikuta pistoni ina vidoa vidogovidogo ukingoni, kana kwamba imemwagiwa mchanga wa moto. Kingo kati ya ringi na ringi zimemeguka. Ikiwa dereva aliendelea kukanyaga mafuta, juu ya pistoni hukutwa tundu.

Vali iliyoitawala turbo

Katika mbio za Marekani dawa ya kugonga ilikuwa methanoli, mafuta yanayopoza sana yanapogeuka mvuke. Bobby Unser alishinda Indianapolis 500 mwaka 1968 kwa injini ya Offenhauser yenye turbo iliyotumia mafuta hayo. Njia hiyo haikufaa kwa gari linalojaza petroli kituoni. Suluhisho la barabarani lilitafutwa Ujerumani.

Mwaka 1973 BMW ilionyesha 2002 Turbo, gari dogo la lita 2 lililotoa nguvu za farasi 170 wakati ndugu yake asiye na turbo, 2002 tii, alitoa 130. Mgandamizo ulishushwa hadi 6.9 kwa 1. Breki za mbele zilipewa diski zenye matundu ya kupitisha hewa, na viringi vya tairi vikapanuliwa, kwani wahandisi walikwisha kuona kwamba nguvu mpya inakwenda hadi kwenye magurudumu. Mwaka huohuo mafuta yalipanda bei duniani baada ya vita vya Oktoba vya Mashariki ya Kati, na BMW iliacha kulitengeneza gari hilo baada ya magari 1,672 tu.

Porsche ilikuwa na shule kali zaidi: mashindano ya Can-Am ya Amerika ya Kaskazini, ambayo hayakuweka kikomo cha ukubwa wa injini. Wahandisi wake Hans Mezger na Valentin Schäffer walichukua injini ya silinda 12 ya gari la 917 wakaifunga turbo mbili. Magari ya kwanza ya majaribio yalikuwa na tabia mbaya: dereva akikanyaga mafuta hakupata kitu, kisha alipata nguvu zote kwa mkupuo, pengine akiwa katikati ya kona. Mark Donohue, dereva na mhandisi wa timu ya Roger Penske, alishirikiana na wahandisi wa Porsche kwa muda mrefu wakirekebisha kipimo cha petroli ili injini iitike kwa kasi ndogo pia.

Chombo kilichowasaidia kuitawala turbo kilikuwa vali kwenye njia ya moshi. Presha ya hewa ikifikia kiwango kilichopangwa, vali hufunguka na kuupitisha moshi pembeni bila kuigusa turbini. Ikiwa na vali hiyo, turbo ndogo inayoamka mapema iliweza kutumika bila hofu ya kupitiliza kasi kubwa. George Follmer alitwaa ubingwa wa Can-Am kwa 917/10 mwaka 1972, na mwaka 1973 Donohue alishinda kwa 917/30 iliyotoa takribani nguvu za farasi 1,100.

Ulaya ilikuwa na kanuni nyingine. Ukubwa wa injini yenye turbo ulizidishwa kwa 1.4 kabla ya kuwekwa kwenye daraja. Ndiyo maana Porsche 911 RSR Turbo iliyomaliza ya pili Le Mans mwaka 1974 ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 2,142: zikizidishwa kwa 1.4 hufika 2,999, chini kidogo ya kikomo cha lita 3. Kanuni hiyo iliwafundisha wahandisi kuanza maandalizi kwa penseli na karatasi kabla ya kushika spana.

911 Turbo ya barabarani ilizinduliwa Paris mwezi Oktoba 1974. Ilikuwa na lita 3, mgandamizo wa 6.5 kwa 1 na nguvu za farasi 260. Giaboksi ilikuwa mpya, yenye gia nne badala ya tano, kwa kuwa gia nne nene zilihimili msukumo ambao gia tano nyembamba zisingeuhimili. Mafunzo ya Can-Am yalikuwa sasa ndani ya gari lenye viti vya ngozi na redio.

Kuipoza hewa, kuitunza oili

Hewa ikibanwa hupata moto. Hewa ya nyuzi 25 ikisukumwa hadi presha mara mbili hutoka kwenye kompresa ikiwa na zaidi ya nyuzi 100, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya faida iliyotafutwa hupotea na hatari ya kugonga huongezeka. Mwaka 1978 Porsche iliipanua 911 Turbo hadi lita 3.3 na kuiwekea intakula, yaani rejeta ya hewa, chini ya mkia wake mpana. Hewa iliyotoka kwenye kompresa ilipita humo ikapoa kabla ya kuingia kwenye silinda. Mgandamizo uliweza kupandishwa hadi 7 kwa 1, nguvu zikafika farasi 300, na breki zikabadilishwa kwa nyingine zilizotokana na za gari la mbio la 917. Ndani ya gari hilo moja inaonekana kanuni ambayo mafundi wanaifuata mpaka leo: kila nyuzi ya joto inayoondolewa kwenye hewa hulipwa kwa nguvu au kwa usalama wa pistoni.

Uswidi ilileta mchango wa aina nyingine. Saab 99 Turbo ya mwaka 1977 ilikuwa na nguvu za farasi 145 tu, lakini mhandisi Per Gillbrand na wenzake walichagua turbo ndogo iliyoanza kusukuma mapema, katika mwendo ambao dereva anautumia kila siku. Stig Blomqvist aliliendesha gari hilo na kushinda Swedish Rally mwaka 1979, ushindi wa kwanza wa gari lenye turbo katika ubingwa wa dunia wa rali. Mwaka 1982 Saab ilianza kutumia mfumo wa APC. Sensa iliyofungwa kwenye bloku ilisikiliza mlio wa kugonga, na mlio ukianza, mfumo ulifungua vali ya moshi na kupunguza presha. Sasa gari lilijilinda lenyewe dhidi ya petroli duni, bila kumtegemea mwenye gari kama ilivyokuwa kwa chupa ya Oldsmobile.

Bado kulikuwa na oili. Mhimili wa turbo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Gari likitoka mwendo mkali likazimwa ghafla, nyumba ya turbini ikiwa bado nyekundu kwa moto, oili iliyosimama ndani hupikwa na kugeuka makaa. Makaa hayo huziba njia ya oili, na siku nyingine mhimili hukosa ulainisho na kukwama. Ndiyo maana madereva wa miaka ya 1980 waliagizwa kuiacha injini ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Baadaye watengenezaji walipitisha maji ya rejeta katika sehemu ya kati ya turbo, na maji hayo yaliendelea kuondoa joto hata injini ikiwa imezimwa.

Safari Rally: mtihani wa vumbi na mwinuko

Hakuna mashindano yaliyoyapima maandalizi haya kwa ukali kama Safari Rally. Yalianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1973 yakaingizwa katika ubingwa wa dunia wa rali. Njia yake ilipanda na kushuka kati ya joto la pwani na baridi ya nyanda za juu. Jijini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Mombasa, na injini isiyo na turbo hudhoofika kwa kiasi hichohicho. Turbo ingefaa sana, lakini vumbi, mito na safari ndefu vilikuwa tayari kuiua.

Timu ya Toyota yenye makao Ulaya, chini ya Ove Andersson, iliandaa Celica Twincam Turbo. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 2,090. Zikizidishwa kwa 1.4 zilifika 2,926, ndani ya daraja la lita 3. Wapinzani wao wa Audi walikuwa na gari linaloendeshwa na magurudumu manne, ilhali Celica iliendeshwa na ya nyuma tu. Björn Waldegård aliishinda Safari ya mwaka 1984 kwa gari hilo, ushindi wa kwanza wa turbo katika mashindano hayo. Juha Kankkunen alifuata mwaka 1985, na Waldegård akarudia mwaka 1986. Gari rahisi lililoandaliwa vizuri lilifika mwisho kabla ya gari la kisasa zaidi.

Mtu aliyesimama kando ya barabara aliweza kuyaona maandalizi ya Safari kwa macho. Magari mengi yalibeba bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, ili injini ivute hewa ya juu, mbali na vumbi la gari lililotangulia na maji ya mto unaovukwa. Kilichowahi kulishinda gari la Agabashian kilikuwa sasa kimepatiwa dawa. Mbele kulikuwa na vyuma vya kuikinga rejeta dhidi ya mnyama atakayekatiza, na chini kulikuwa na bamba nene la kulinda tangi la oili.

Tangu mwaka 1987 kanuni za rali zilitaka gari la mashindano litokane na gari linalouzwa madukani, na maelfu yake yawe yametengenezwa. Toyota Celica GT-Four, Lancia Delta Integrale, Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution zilitoka kiwandani zikiwa zimeandaliwa kwa turbo kwa sababu hiyo. Ian Duncan wa Kenya alishinda Safari ya mwaka 1994 kwa Celica, Tommi Mäkinen mwaka 1996 kwa Lancer, na Colin McRae mwaka 1997 kwa Impreza. Kuanzia mwaka 1995 wasimamizi walizidhibiti nguvu kwa pete ya kipenyo cha milimita 34 iliyowekwa kwenye mdomo wa turbo. Hewa yote ya injini ilipaswa kupita hapo.

Kutoka kiwandani hadi gereji

Gari ambalo halikuzaliwa na turbo lilihitaji fundi wa kuifungua injini. Nchini Marekani, Reeves Callaway alipewa kazi hiyo kwa njia rasmi. Kuanzia mwaka 1987 mteja aliweza kuagiza Chevrolet Corvette dukani akaweka alama ya B2K kwenye fomu. Gari lilitoka kiwandani Bowling Green, Kentucky, likapelekwa kwa Callaway huko Old Lyme, Connecticut. Hapo injini ilifumuliwa, ikafungwa pistoni zilizofuliwa na zenye mgandamizo mdogo, kisha ikawekewa turbo mbili na intakula. Nguvu zilitoka farasi 240 hadi 345. Mwaka 1988 gari moja la Callaway, liitwalo Sledgehammer, lilifikia kilomita 410 kwa saa huko Ohio, likiendeshwa na John Lingenfelter.

Nchini Japani, Hiroyuki Hasegawa alikuwa amekwisha kuanzisha HKS mwaka 1973 na kuuza seti za turbo za kufungwa kwenye magari ya kawaida. Viwanda vya huko navyo vilitengeneza injini zilizojengwa kwa nguvu kuliko kazi zilizopewa. Kwa makubaliano ya watengenezaji wa Japani, magari yalitangazwa kuwa na nguvu zisizozidi farasi 280. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989 na Toyota Supra ya mwaka 1993 zilikuwa na bloku za chuma cha kusubu na vijito vya oili vinavyorushwa chini ya pistoni kuzipoza. Mafundi waligundua upesi kwamba injini hizo zinabeba zaidi. Waligundua pia mipaka yake: gurudumu la turbini la Skyline lilikuwa la kauri, na presha ikipandishwa ovyo lilivunjika na vipande vyake kuharibu vilivyo jirani.

Magari ya Japani yana usukani upande wa kulia kama ya Kenya, Tanzania na Uganda, na yalipochakaa kidogo huko yaliletwa huku kwa meli kama mtumba. Impreza, Legacy na Forester zenye turbo ziliwafikia mafundi wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Kisekka mjini Kampala. Nyingi zilikuwa zimepangwa kwa petroli ya okteni 100 ya Japani, na petroli ya vituo vya hapa kwa kawaida iko chini ya hapo. Ile kazi ya kulinganisha gari na mafuta yaliyopo, iliyowatesa wahandisi wa mwaka 1962, ikawa kazi ya kila siku ya gereji za Afrika Mashariki.

Mpangilio wa kazi

Kutokana na historia hiyo, maandalizi yana utaratibu unaofanana karibu kila mahali. Kwanza injini iliyopo hupimwa afya. Fundi hupima presha ya kila silinda, na silinda moja ikipungua zaidi ya asilimia 10 kuliko wenzake, injini hufunguliwa kabla ya jambo jingine lolote, kwa maana turbo hukuza kila udhaifu unaokutwa. Turbo ya mtumba nayo hushikwa mhimili kwa vidole na kutikiswa: ukicheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, ukienda mbele na nyuma beringi yake imekwisha.

Pili huja vyuma vya ndani. Pistoni zilizofuliwa hustahimili mapigo kuliko zilizosubiwa, na mgandamizo hupangwa kulingana na presha inayokusudiwa. Kiwango hicho kimepanda kadiri maarifa yalivyokua: kutoka 6.5 katika Porsche ya mwaka 1975 na 7.7 katika Ferrari F40 ya mwaka 1987, hadi 9.4 katika 911 Turbo ya mwaka 2000. Katika injini za leo zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda hufika 10 na zaidi.

Tatu ni mafuta: pampu na nozeli kubwa zaidi, kwa sababu injini inayosukumiwa hewa huhitaji petroli nyingi, takribani sehemu 1 kwa 12 za hewa badala ya 1 kwa 14.7, na ziada hiyo hupoza silinda. Nne ni joto: intakula, rejeta na kipoza oili. Tano ni kompyuta ya injini, ambayo hupangwa upya gari likiwa juu ya mashine ya kupima nguvu, presha ikipandishwa hatua kwa hatua huku mlio wa kugonga ukisikilizwa. Sita ni vyote vinavyoipokea nguvu: klachi, giaboksi, breki na matairi, kama Porsche na BMW walivyoonyesha tangu miaka ya 1970.

Mwisho gari huendeshwa, kisha plagi hufunguliwa na kusomwa mwangani. Kauri yake ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, petroli na muda wa cheche vimelingana. Ikiwa nyeupe, mchanganyiko umekosa petroli. Ikiwa juu yake kuna vipunje vidogo vinavyong'aa, hivyo ni alumini ya pistoni iliyoanza kuyeyuka. Gari halitoki gerejini, na kazi huanza upya kutoka hatua ya kwanza.